Pikipiki ya Kikundi Hula Mara Mbili

Haya ni maneno niliyowaambia wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya pande za Busia na Malaba, tulipokutana katika ukumbi wa parokia. Wengi waliomba niyaandike ili wayasome na wenzao nyumbani. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.



Kwanza niseme wazi: mimi si fundi. Diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii, na mikono yangu imezoea kalamu kuliko spana. Lakini kuna jambo lililonipata, nitawaeleza, likanifanya nikakae kwa fundi chini ya mwembe siku nne mfululizo, na daftari mkononi, nikiuliza maswali ya kitoto. Nilichojifunza ndicho nimekuja nacho leo.

Tulikotoka

Neno "boda boda" ni letu sisi watu wa mpakani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa hapa walikuwa wakibeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita, "Boda! Boda!" Watu wa Busia husema lilianzia kwao. Watu wa Malaba nao husema ni lao. Sikuja kuamua kesi hiyo leo.

Baiskeli ilikuwa rahisi kuelewa. Kila kitu kiko nje. Spoki ikikatika unaiona. Cheni ikilegea unaisikia kwenye mguu wako mwenyewe. Hata mama aliyeketi nyuma alijua kasoro iko wapi.

Halafu mwaka wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, zenye injini isiyozidi cc 250. Pikipiki zikaanza kujaa vijijini, nyingi za kutoka India kama Boxer na TVS, na nyingine za kutoka Uchina. Vikundi vyetu navyo vikaingia. Lakini injini imefungwa ndani ya chuma. Inaumia kimya kimya, na siku ya kusema, imeshachelewa.

Kikundi kimoja ambacho sitakitaja

Mwaka wa 2017 kikundi kimoja cha watu 18, wengi wao wajane, kilinunua pikipiki mpya. Walikuwa wamechanga kidogo kidogo kwa mwaka mmoja na zaidi. Mimi ndiye niliyewasaidia kuandika mpango wao. Dereva alikuwa kijana wa mwanachama mmoja.

Kijana alileta Sh. 300 kila siku, siku sita kwa wiki. Jumamosi wanakutana, wanahesabu Sh. 1,800, wanagawana. Kila mtu Sh. 100 mkononi. Mnajua raha ya Sh. 100 kwa mama ambaye hajashika pesa tangu Jumatatu? Waliimba. Mimi nami niliimba.

Jumamosi moja kijana alisimama nyuma akasema, "Mama, oili imeshapita wakati wake. Naomba pesa ya kubadilisha."

Mweka hazina alimjibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, ngoja Jumamosi ijayo. Hesabu ya leo tumeshagawana."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwenye meza. Sikusema neno. Niliona ni mambo ya fundi, na tena sikutaka kuwaharibia watu furaha.

Kijana aliomba tena wiki iliyofuata, na ile iliyofuata pia. Baadaye pikipiki ikaanza kutoa moshi. Halafu ikaanza kugonga ndani, ko-ko-ko. Mwisho ikakwama kabisa kwenye barabara ya Malaba, upande wa Adungosi, ikiwa na abiria na gunia la muhogo mkavu. Fundi alipofungua injini alikuta silinda imekwaruzika na beringi ya konrodi imekwisha. Hela za kuitengeneza kikundi hakikuwa nazo.

Sasa hapo ndipo ubaya ulipoanza. Watu walisema kijana amekula pesa za oili. Mama yake aliacha kuja mkutanoni. Wanawake waliokuwa wakichota maji kisima kimoja wakawa hawasalimiani. Miezi minne! Niliporudi kuwapatanisha, nilimwomba katibu alete kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Tukasoma kwa sauti. Ombi la kijana lilikuwa limeandikwa mara tatu, na jibu lake mara tatu.

Ukumbi ulinyamaza. Mweka hazina alilia. Mimi nilisimama nikaomba msamaha mbele ya wote, kwa sababu mpango ule niliuandika mimi, na ndani yake hapakuwa na hata shilingi moja ya spea.

Pikipiki iliuzwa kama ilivyo, kwa bei ya kutupa. Mama alirudi kwenye kikundi. Kijana hakurudi, alikwenda Nairobi kutafuta kazi, na sikumlaumu.

Mlo wa pili

Ndugu zangu, pikipiki hula mara mbili. Mlo wa kwanza ni petroli. Huo tunauona, kwa sababu ukikosa, pikipiki inasimama papo hapo. Mlo wa pili ni spea na oili. Huo hatuuoni. Ukiunyima leo, itatembea. Ukiunyima kesho, itatembea. Inakukopesha. Halafu siku moja inakudai yote pamoja, na riba juu.

Kwa hiyo ile Sh. 100 tuliyogawana kila Jumamosi haikuwa faida yote. Sehemu yake ilikuwa injini yenyewe, tunaila kidogo kidogo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuzitazame hizo nyufa moja moja.

Oili

Injini za pikipiki zetu zina oili karibu lita moja tu, na hiyo lita moja ina kazi nyingi: inalainisha pistoni, valvu, beringi, gia na klachi, na inapoza pia. Ikipungua au ikichakaa, chuma kinasugua chuma.

Pimeni oili kila asubuhi kabla ya kazi, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Nyingine zina kijiti cha kupimia, nyingine zina kioo kidogo ubavuni. Kitabu cha pikipiki husema ibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Mafundi niliowauliza huku kwetu, wakifikiria vumbi na mizigo, husema isipite 2,000. Sasa pigeni hesabu: dereva akitembea kilomita 100 kwa siku, 2,000 zinafika kwa siku 20. Si kila Krismasi.

Tena, msitie oili ya gari. Klachi ya pikipiki nyingi huoga ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze. Tafuteni kwenye mkebe maandishi JASO MA. Hiyo imetengenezewa pikipiki. Oili chafu msiimwage karibu na kisima wala mtoni.

Filta ya hewa

Injini hupumua kama sisi. Barabara zetu za maramu zina vumbi jekundu, na vumbi hilo likiingia kwenye silinda linafanya kazi ya msasa. Kuna madereva wanaotoa filta kabisa wakisema pikipiki inapata nguvu. Huo ni uongo unaokula ringi. Filta ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa vizuri, hupakwa oili kidogo, hukamuliwa na kurudishwa. Filta ya karatasi haioshwi. Ikijaa vumbi inabadilishwa.

Plagi

Hii ni spea ndogo, lakini ndiyo inayosema ukweli zaidi. Mwambieni dereva aifungue mbele yenu mara moja kwa mwezi, injini ikiwa imepoa. Tazameni ncha yake:

- Rangi ya kahawia kama biskuti: injini iko sawa.
- Nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria: petroli ni nyingi kuliko hewa, au filta imeziba.
- Nyeusi na yenye mafuta mafuta: oili inapanda juu kupitia ringi au valvu.
- Nyeupe: injini inachomeka, hewa imezidi petroli, au plagi si ya aina yake.

Nafasi kwenye ncha ya plagi, kwa pikipiki nyingi za aina yetu, ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Fundi ana kipimo chake cha vibati vyembamba. Akikadiria kwa jicho, mwombeni apime. Mkinunua mpya, linganisheni namba iliyoandikwa juu yake na ile ya kitabu. Kuingia kwenye uzi hakutoshi. Plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni.

Kabureta

Kabureta huchanganya petroli na hewa. Ndani mna vitundu vidogo kama tundu la sindano. Vikiziba, pikipiki inakohoa, inakataa kuwaka asubuhi, au inazima ukiachilia mafuta. Fundi mwenye haraka huvizibua kwa waya. Akifanya hivyo kitundu kinapanuka, na tangu siku hiyo pikipiki inakunywa petroli kama ng'ombe wakati wa kiangazi. Vitundu vinaoshwa kwa petroli safi na kupulizwa kwa pampu ya hewa.

Hapa niseme pia juu ya petroli ya chupa na ya jeriken kando ya njia. Mpakani tunaijua sana. Mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa. Uovu huo ulienea Kenya hata mwaka wa 2018 serikali ikaongeza ushuru wa Sh. 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wakose faida. Mafuta ya taa hayachomeki vizuri ndani ya injini hizi. Yanaleta masizi, na yasiyochomeka hushuka chini na kuiharibu oili. Mnaokoa shilingi tano kwenye chupa, mnapoteza ringi.

Klachi, cheni na sproketi

Mkipanda mlima injini inapiga kelele lakini pikipiki haiongezi mwendo, jueni klachi inateleza. Kwanza tazameni kebo. Lazima mkono wa klachi uwe na ulegevu kidogo kabla ya kushika. Kama kebo iko sawa na bado inateleza, sahani za klachi zimekwisha. Dereva anayetembea huku vidole vimeshika klachi nusu nusu anazichoma kila siku. Na anayebeba watu watatu pia anazichoma. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, na injini inakubaliana na sheria.

Cheni ipakwe oili mara kwa mara, na isikazwe kama kamba ya mbuzi. Ikisukumwa kwa kidole katikati icheze karibu milimita 20 hadi 30, au kama kitabu kinavyosema. Ikichakaa, badilisheni cheni pamoja na sproketi zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Cheni mpya kwenye meno yaliyokwisha inaharibika upesi, na pesa zenu zimepotea.

Ringi, pistoni na valvu

Hapa ndipo gharama inakuwa kubwa, kwa hiyo sikilizeni moshi. Moshi wa bluu ni oili inayochomeka. Ukitoka wakati wote mnapokaza mwendo, mara nyingi ni ringi. Ukitoka kwa pumzi moja tu asubuhi mnapowasha, mara nyingi ni zile sili ndogo za mpira kwenye valvu, ambazo bei yake ni ndogo. Msikubali injini ipasuliwe yote kabla fundi hajawaeleza tofauti hiyo.

Kama ni ringi, muulizeni fundi: "Silinda umeipima?" Ringi mpya ndani ya silinda iliyochakaa ni kama kufunika paa bovu kwa nyasi mpya. Moshi utarudi. Silinda iliyochakaa hupelekwa kuchongwa, na inawekewa pistoni na ringi zinazolingana, zilizozidi ile ya kwanza kwa milimita 0.25 au 0.50. Gasketi iwe mpya. Baada ya hapo, kwa kilomita 500 za kwanza dereva aende polepole, asibebe mizigo mizito, halafu oili ibadilishwe mapema kwa sababu ina vumbi la chuma kipya. Najua ni siku za mapato madogo. Vumilieni.

Spea bandia na mambo ya mpakani

Kuna spea zilizoandikwa jina kubwa lakini ndani ni takataka. Njia za kujilinda ni za kawaida. Nendeni dukani na ile spea ya zamani, mzilinganishe uzito, ukubwa na namba. Tazameni kama maandishi ya boksi yamepigwa vizuri. Ombeni risiti yenye jina la duka. Na fundi akimaliza kazi, awarudishie spea aliyoitoa. Fundi mwaminifu hakasiriki kwa hilo. Yule anayekasirika mmeshamjua.

Wengine huniambia, "Ng'ambo ni rahisi, tuvuke." Kuvuka si kosa. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na wafanyabiashara wadogo wana cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mali isiyozidi dola 2,000. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pistoni iliyotoka India au Uchina haihesabiwi humo hata kama imeuzwa Uganda, kwa hiyo ulizeni ushuru kwanza. Msipite njia za panya na gunia la spea za kikundi. Likikamatwa, mmepoteza vyote, na risiti hamna.

Pesa na daftari

Sasa turudi kwa kile kikundi cha watu 18. Tuseme kila siku katika ile Sh. 300 wangetoa Sh. 60 za mlo wa pili. Kwa siku sita ni Sh. 360. Zinabaki Sh. 1,440, na kila mtu anapata Sh. 80 badala ya Sh. 100. Mmeona? Kikundi kile kilipoteza pikipiki, na majirani wakapoteza amani, kwa sababu ya Sh. 20 kwa kila mtu kwa wiki. Hakuna aliyekataa hizo Sh. 20. Hakuna aliyeuliza, na mimi niliyepaswa kuuliza nilikuwa ninaimba.

Kwa hiyo nawaomba mfanye mambo manne:

1. Toeni pesa za spea kila siku, kabla ya kugawana. Kiasi mkipange wenyewe baada ya kuuliza bei madukani, na mkiangalie upya kila miezi mitatu. Pikipiki ikizeeka, inakula zaidi.

2. Pesa hizo zikae peke yake, kwenye laini moja ya M-Pesa au akaunti, na wanachama wawili wajue kilichomo. Zisikopeshwe, hata kwa matanga. Matanga yana mfuko wake.

3. Wekeni daftari la pikipiki. Andikeni tarehe, kilomita zilizosomwa, kilichobadilishwa, bei, na jina la fundi. Dereva na mweka hazina watie sahihi. Siku ya ugomvi, daftari ndilo shahidi asiyekuwa na ukoo.

4. Dereva akisema pikipiki inaumwa, aamini kikundi na kikundi kimwamini. Pesa ya oili isingoje Jumamosi. Mpeni mweka hazina ruhusa ya kulipia oili, plagi na filta siku hiyo hiyo, halafu aeleze mkutanoni.

Nimalizie na jambo moja. Mwaka uliopita nilikutana na yule mweka hazina sokoni Amukura. Kikundi chao sasa kina watu 11, na wamenunua pikipiki nyingine, kuukuu. Aliniambia, "Siku hizi dereva akifungua mdomo, mimi nafungua mkoba." Tukacheka. Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nimepata habari za kijana wa Nairobi. Nikamwambia bado.



Maswali ya kuzungumzia kwenye kikundi

1. Je, pikipiki yetu imetembea kilomita ngapi tangu oili ibadilishwe mara ya mwisho? Nani kati yetu anajua bila kumuuliza dereva?

2. Dereva wetu aliomba nini mara ya mwisho? Tulimjibuje?

3. Tukitoa pesa za spea kila siku, kila mwanachama atapata kiasi gani kwa wiki? Tumekubali?

4. Nani atakwenda kukaa kwa fundi siku moja, na kurudi kutufundisha?